Kula Chumvi Nyingi

Mashine ilinikaba mkono
kama mgambo aliyemkuta mtu hana stakabadhi,
ikaachia pole pole, ikasema:
mia na themanini na mbili, chini yake mia na nane.
Muuguzi Perusi hakuniangalia usoni.
Aliandika kwanza, ndipo akauliza,
"Baba Skola, chumvi unakula?"

Nikacheka.
Uvinza nzima, swali hilo aulizwe mimi?
Baba yangu alichemsha maji ya chemchemi kwa kuni za miyombo
mpaka kope zikamganda weupe.
Mimi napima magunia mwaka wa ishirini na sita,
nachovya kidole, nalamba,
ulimi unaniambia iliyokauka na iliyo mbichi.
Nyumbani kijiko kimoja jikoni, kingine mezani,
na Leokadia akiniona nimeonja tu,
kopo ameshalisogeza.

"Nakula," nikamjibu. "Si ndiyo uzee wenyewe,
kula chumvi nyingi?"
"Hiyo ni ya kwenye msemo, baba.
Ya kwenye sahani haimfikishi mtu huko."

Nikamkumbuka Bihemo.
Jumatatu, mbele ya mzani, kalamu sikioni,
alisema, "Andika sabini na..."
nusu ya mdomo ikagoma.
Mpaka leo yuko kizingitini kwake, mkewe anamfuta mate,
namba ile anaijua,
macho yake yanaisema kila nikipita,
nami sijawahi kukaa niisikilize.

Lakini tusiisingizie chumvi peke yake.
Kulikuwa na ada ya Skolastika, chuo cha ualimu Kasulu.
Kulikuwa na kikoba, laki sita na arobaini,
niliyoikopa kwa siri nikaificha kama kidonda cha makalio.
Usiku treni ikipita mimi macho,
najumlisha, natoa, najumlisha,
natoka nyuma ya nyumba kuvuta sigara,
moja kwa kila laki.

Sitii chumvi: siku ile sikubadilika.
Nilitoka zahanati na vidonge mfukoni
nikapitia kibandani, nikanunua sigara mbili.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane za usiku,
nikadhani amelala.
"Leo," nikanong'ona, "tuna deni."
Akakaa kitandani.
"Deni tu?
Mimi nilidhani una mwanamke Nguruka."
Akacheka mpaka akalia, akawasha taa,
akaleta daftari la mawese yake,
tukagawa laki sita na arobaini kwa miezi kumi na sita.
Arobaini, arobaini, arobaini.
Mnyama aliyekuwa akinikalia kifuani
kumbe ana miguu inayohesabika.
Nikalala mpaka jua likanikuta.

Wiki ya kwanza ugali ulikuwa na ladha ya ukuta.
Leokadia akakamua limau, akaponda tangawizi,
kopo akalipandisha juu ya kabati
nisikofika bila kigoda,
nami kwa aibu ya kigoda nikaliacha.
Wiki ya tatu, katikati ya tonge, nikanyamaza.
"Nini?"
"Huyu mgebuka."
"Ana nini?"
"Ana ladha."
Miaka hamsini na moja nala samaki,
siku hiyo ndiyo tulitambulishwa.

Sigara? Usiniulize sana.
Nimebaki na moja, ya Jumamosi,
na Perusi anaijua, na hajaisamehe.

Alfajiri natembea mpaka daraja la Malagarasi.
Vijana wa bodaboda mwanzoni walisimama:
"Mzee, umefukuzwa?"
Siku hizi wanapunga mkono tu.
Nikirudi napitia kwa Bihemo, nakaa,
namtajia namba moja moja, sabini na moja, sabini na mbili,
hajaitikia bado.

Jana mashine imesema mia na arobaini na nane.
"Bado," akasema Perusi, lakini safari hii aliniangalia.

Na leo, katikati ya daraja, jasho limenishuka
kutoka paji la uso mpaka juu ya mdomo.
Nimelamba, kwa mazoea ya kazi.
Safi. Daraja la kwanza.
Nayo inatoka.